Wapangaji Tisa wa Odell Crutcher

Cleveland, Ohio
Machi 3, 2013

Kwako Vernice, mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, maana nimeianza Jumanne na leo ni Jumapili. Kalamu na mimi hatujawahi kupatana. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kuchuma pamba, na mpaka leo sijaona kitu ambacho darasa la tano lingeniongezea. Jengo hili sikulinunua kwa kuandika.

Mimi ni mzima. Theluji ipo bado, imegeuka nyeusi kando ya barabara kama masizi. Naizoa mwenyewe kila asubuhi, kuanzia ngazi za mbele mpaka kwenye mapipa ya taka, na nina miaka sabini na tano. Juzi yule kijana wa namba nane, Binion, alinikuta na koleo akasema, "Mzee, lete nikusaidie." Nikamwambia, "Ukifika umri wangu na mgongo kama huu, ndipo uje." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kanisani wanakuulizia. Kaburi la Earline nimelipangusa. Miaka sita sasa bila mke, na bado nanunua mkate mkubwa.

Haya. Barua yako ya Februari nimeisoma mara nne. Unasema kuna kampuni ya Columbus inataka jengo letu, na kwamba wewe uko tayari kutia saini. Vernice. Fleti kumi na mbili, matofali matupu, paa nililoliezeka mimi. Tulilinunua mwaka sabini na moja, wewe ukifua mashuka ya hospitali na mimi nikiwa kwenye kiwanda cha chuma. Jina lako liko kwenye hati na langu liko. Nusu yako ni yako, sikatai. Lakini nusu yangu ndiyo ninayolala ndani yake.

Unasema wapangaji wanatukimbia. Mwaka jana walihama wanne, ni kweli, wote wakaenda kwenye lile jengo la vioo ng'ambo ya barabara. Nikapata wengine kwa shida. Sasa siri ya wale wa vioo nimeijua. Nimekaa dirishani majira ya baridi yote nikiwachungulia. Anayehamia anakuta kikapu cha zawadi. Siku ya wapendanao wote walikuta chokoleti. Hata mbwa wanapewa biskuti. Watu wanahama kwa ajili ya kikapu, Vernice. Kama vita ni vya vikapu, hakuna mtu Cleveland hii atakayenishinda.

Ninalokuomba ni hili. Mikataba yangu yote inaisha siku moja, Septemba thelathini. Niliipanga hivyo mwenyewe nisisumbuliwe na makaratasi mwaka mzima. Wapangaji ni kumi na mmoja, mimi wa kumi na mbili. Nipe mpaka siku hiyo. Wakisaini tisa kuendelea kukaa, huuzi. Wakipungua hata mmoja, nitasaini pamoja nawe na hutasikia neno langu.

Na unitumie kokwa za pekani za mti wako, nyingi. Nataka kuanza na kitu cha nyumbani.

Kaka yako,
Odell

*

Linden, Alabama
Machi 19, 2013

Kaka Odell,

Barua yako imenikuta nimesimama, na nimeisoma nimesimama, maana fundi wa paa alikuwa juu akinidondoshea misumari uani. Huku maua ya mipichi yameshafunguka na nyasi zimeota. Mtoto wa binamu yetu Cleotha anaoa Juni. Wameniomba nioke keki, na nimekubali kabla sijafikiri. Magoti yangu ni yale yale.

Tisa nimekubali. Nimewapigia watu wa Columbus, watangoja mpaka Oktoba mosi. Kwa nini nataka kuuza sikuambii, na usiniulize, utaniita mwoga.

Pekani zimo ndani ya boksi hili, ratili ishirini. Nimezibangua jioni sita mfululizo mpaka kucha zikageuka rangi. Ujue nakutumia fimbo ya kunipigia.

Wape kwa mkono wako, Odell. Uwatazame usoni, uwaulize habari zao. Na rafiki yako Tuggle usimsahau.

Dada yako,
Vernice

*

Cleveland, Ohio
Aprili 28, 2013

Kwako Vernice,

Theluji imekwisha na mvua imeshika zamu. Nimepaka rangi reli ya ngazi, mpako mmoja tu na imekaa kama kioo. Pasaka nilivaa ile suti ya kahawia na akina mama wawili wakaniuliza kama nimeoa tena. Keki ya watu usiifanye kavu.

Pekani zimefanya kazi kuliko nilivyotazamia. Nilinunua mitungi ya kioo, nikaifunga utepe mwekundu, nikaandika kila mmoja jina kwa mkono wangu. Kazi ya siku tatu, hiyo ya majina. Kisha nikangoja Alhamisi watu wakiwa kazini, nikachukua rundo langu la funguo, nikaingia nyumba moja moja na kuweka mtungi katikati ya meza ya jikoni. Sikugonga mlango hata mmoja. Mtu anarudi amechoka, anawasha taa, anakuta zawadi inamngoja.

Unakumbuka Earline. Ijumaa zote zile, watu wakitoka zamu ya kiwandani, walikuta sahani ya moto juu ya jiko, samaki, mboga za majani na mkate wa mahindi, imefunikwa kitambaa. Hakuna aliyemwona akiingia wala akitoka. Watu walikaa humu miaka kumi, kumi na tano, kwa sahani zile. Nami nimeamua kufanya hivyo hivyo. Zawadi ya kumkabidhi mtu mlangoni inamlazimisha akushukuru, na mimi sihitaji shukrani ya mtu.

Mke wa Binion nilikutana naye kwenye ngazi na mtoto wao mgongoni.

"Mzee, zile kokwa uliweka wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo maana nina funguo, mwanangu."

Akacheka kidogo. Mtu wa haya, yule.

Mitaa imeharibika lakini. Namba tatu wameweka komeo jipya kwa ndani, na yule nesi wa namba tano, binti Haygood, ametia mnyororo. Wezi wamezidi nadhani, ingawa mimi sijaona hata mmoja.

Tuggle unamsemea nini? Yuko namba kumi na moja miaka kumi na tisa. Ukuta haupewi zawadi kwa sababu umesimama. Pekani zilibaki kidogo, nimekula mwenyewe.

Odell

*

Cleveland, Ohio
Juni 30, 2013

Kwako Vernice,

Hujajibu. Wiki tisa. Kama ni harusi, harusi ni siku moja. Kama unaumwa, sema. Kama umenuna, nimefanya nini?

Joto limetuangukia kama blanketi. Mimi silioni, nilisimama mbele ya tanuru la chuma miaka thelathini na moja, hili kwangu ni upepo. Lakini wapangaji wanateseka, nikaona hapa ndipo pa kuwamaliza wale wa vioo. Nikanunua feni kumi za kusimama. Nimezipandisha mwenyewe ghorofa tatu. Kila nyumba nikachagua mahali panapofaa, na kwa kuwa watu walikuwa kazini nikaziwasha kabisa, wakirudi wakute chumba kimepoa. Ya namba tano niliiweka chumbani, ikitazama kitanda, maana nesi analala mchana na ndiye mwenye joto zaidi. Siku hiyo alikuwa ametoka.

Fomu za kuendelea nilizipitisha chini ya milango tarehe kumi na tano. Wamesaini watano. Watano tayari, Vernice, na Julai haijaanza. Namba tatu na namba sita wamerudisha fomu wakasema wanahama. Hawakusema kwa nini, nami sikuuliza. Siwezi kumbembeleza mtu.

Tuggle bado hajasaini, ila huyo hana haraka ya kitu chochote. Aliendesha basi la mji maisha yake yote na hakuwahi kufika mapema mahali. Juzi alinikuta na feni begani akasema, "Odell, unaendelea tu kuingia nyumba za watu?" Nikamwambia nyumba ni zangu. Akasema, "Haya, mwenye nyumba," akapanda zake ngazi, polepole, akipumzika kila ghorofa.

Niandikie.

Odell

*

Linden, Alabama
Julai 14, 2013

Kaka Odell,

Harusi ilikwenda vizuri na keki ililiwa yote. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikianza barua kwako na kuzichana.

Tuggle ameniandikia. Mara mbili. Anasema binti wa namba tano alirudi nyumbani akakuta feni inazunguka chumbani kwake, ikitazama kitanda, na yeye anaishi peke yake. Alikaa kwenye ngazi saa nzima akiogopa kuingia. Alidhani kuna mtu ndani. Anasema mke wa Binion anasukuma kiti nyuma ya mlango mumewe akiwa hayupo. Hawachukii pekani, Odell. Wanakuogopa.

Sheria ya Ohio inataka umpe mtu taarifa siku nzima kabla hujaingia kwake. Unajua hilo. Ulinisomea wewe mwenyewe.

Na Earline hakuwa akiingia tu. Wale walikuwa watu wa kwetu, nusu yao wa kaunti hii hii. Walikuja mlangoni kwake wenyewe wakamwambia, Bi Earline, ufunguo huu hapa, ukipika nikumbuke. Kila mmoja alimpa kwa mkono wake. Nilikuwepo jikoni. Wewe ulikuwa kazini, hukuona mwanzo, uliona sahani tu.

Acha funguo. Gonga mlango kama watu.

Vernice

*

Cleveland, Ohio
Agosti 22, 2013

Kwako Vernice,

Barua yako niliiweka chini ya redio mwezi mzima nisiione. Tuggle simsemeshi. Nyanya zimeiva kwenye madebe nyuma ya jengo, kubwa kuliko ngumi, mtu wa kanisani amezipiga picha.

Nilikuwa nimekusudia kukujibu kwamba mimi nimeendesha jengo hili miaka arobaini na miwili na hakuna mwanamke wa Alabama wa kunifundisha mlango. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima. Nimeuchoma.

Wamesaini sita. Namba tatu wameshahama, na namba sita wanafunga mizigo. Wamebaki watatu hawajasema: nesi, akina Binion, na Tuggle. Sita na watatu ni tisa. Hakuna hata mmoja wa kupoteza. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwa viberiti, haibadiliki.

Kulitokea jambo dogo namba tano. Nitakueleza baadaye.

Mvua haijanyesha siku kumi na mbili. Mchungaji amefanyiwa macho.

Nakueleza sasa. Nilioka pai za viazi vitamu, kama za Earline, ila zangu ziliumuka zaidi. Hii ilikuwa kabla ya barua yako. Si kweli, ilikuwa baada. Nilijua umeniambia nini. Nilisimama mbele ya namba tano nikainua mkono nigonge, na mkono ukakataa. Nikawaza, akifungua nitasema nini? Akisema hataki, nitashuka ngazi na uso gani? Nikatoa ufunguo. Mnyororo haukuwa umefungwa. Nikasema moyoni ni mara ya mwisho.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa amelala, ametoka zamu. Nilikuwa naiweka sahani mezani nikamwona amesimama mlangoni mwa chumba, amevaa gauni la kulalia, ameshika pasi juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Alikuwa anatetemeka mpaka waya wa pasi ukawa unachapa sakafu. Nikasema, "Ni pai." Hilo ndilo neno nililopata. Nikarudi nyuma, nikajikwaa, pai ikaenda chini nami nikaenda chini. Akasema, "Toka, mzee. Toka kabla sijafanya kitu tutakachojutia sote." Nikatoka kwa magoti mpaka kwenye reli.

Hakuita polisi. Ningekuwa mimi ningeita.

Tangu siku ile anapita mlangoni kwangu akiangalia upande wa pili. Sijalala vizuri. Vernice, wakinitoa humu mimi ni nani? Ni mzee mwenye suti ya kahawia. Nakuomba, na unajua sijawahi kukuomba, hata mwaka ule wa mgomo tulipokula mahindi matupu. Ongea na watu wa Columbus. Waambie wanane watosha. Waambie saba.

Odell

*

Linden, Alabama
Septemba 6, 2013

Kaka yangu,

Salamu za hapa ni fupi. Niko salama, mti umezaa, wale wa kwa Cleotha wanatarajia mtoto.

Tulisema tisa na mimi nasimama kwenye tisa. Sasa nakuambia kwa nini.

Februari mwaka jana uliteleza kwenye barafu kwenye ngazi za mbele ukiwa na koleo lako. Ulilala pale dakika arobaini. Aliyekukuta ni Tuggle, akakubeba mpaka ndani yeye na magoti yake mabovu, akakaa nawe mpaka ukapata joto. Ukamwapisha asiniambie. Aliniambia siku ile ile, akilia. Wewe hujaniandikia neno moja mpaka leo. Unaniandikia kuhusu mgongo wako.

Tulizaliwa saba, Odell. Tumebaki sisi wawili. Nimechoka kuogopa kila simu inayolia wakati wa theluji. Ndiyo sababu nauza. Sikutaka uione ni huruma, maana huruma ungeitupa nje.

Lakini kama kuna watu tisa humo ndani wanaotaka kukaa nawe, basi kuna watu tisa wa kukuokota. Hapo nitalala usingizi wangu. Hesabu yangu ni hiyo tu, sijali vikapu.

Nenda ukagonge. Usibebe kitu. Ukibeba kitu utajificha nyuma yake. Wewe hujawahi kuogopa tanuru la chuma, unaogopa mtu akisema hapana.

Vernice

*

Cleveland, Ohio
Septemba 30, 2013

Kwako Vernice,

Leo ndiyo siku yenyewe. Ni jioni, nakuandikia mezani.

Nilikwenda. Nilianza na akina Binion kwa sababu kijana anapenda utani. Nikagonga. Mke akafungua nusu. Nikasema, "Sijaleta kitu. Nimekuja kusema sitaingia tena kwenu bila nyinyi kunifungulia." Mumewe akatokea nyuma yake na mtoto mkononi, akasema, "Mzee, tulikuwa tunangoja uache, siyo uhame." Wakanikaribisha. Nilikaa kwenye kiti ambacho nadhani ndicho kile wanachosukuma mlangoni. Walisaini wakiwa wanakula. Saba.

Namba tano niligonga siku tatu. Siku mbili kimya. Siku ya tatu nikasikia miguu.

"Nani?"

"Odell Crutcher."

"Una nini mkononi?"

"Sina kitu."

Akafungua, mnyororo ukiwa umekaa. Nikaona jicho moja tu.

"Sema ukiwa hapo hapo."

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

Nikasema, "Samahani. Na ubaki."

"Ipi kwanza?"

"Samahani kwanza."

Nilisikia jokofu lake likiunguruma. Kisha akasema, "Nabadilisha kitasa, kwa gharama yangu, na ufunguo wa pili anakaa nao mama yangu. Ukija unagonga. Nisipojibu unaondoka. Nikikaa kimya, hilo ni jibu."

Nikamwambia sawa.

"Sema tena."

"Ukikaa kimya, hilo ni jibu."

Akaniomba fomu. Nikaipitisha kwenye ule upenyo, akaisaini kwa kuiegemeza ukutani, akairudisha. Manesi wana mwandiko mbaya lakini sijawahi kuona jina zuri kama lile. Nane, Vernice. Nikashuka ngazi nikiwa nimeshika reli kwa mikono miwili, si kwa uzee, kwa furaha.

Tuggle nilimwacha mpaka leo asubuhi. Nilijua ni kazi ya dakika. Nilipanda nikiwa na kalamu sikioni.

Nikagonga. Akasema, "Umechelewa miaka kumi na tisa, ingia." Nyumba ilikuwa imejaa maboksi.

Nikasema, "Haya ya nini?"

"Nahama kesho. Nimepata pahali penye lifti, karibu na binti yangu. Nilisaini mkataba wa huko Julai."

"Tuggle, usinichezee."

"Sijakuchezea. Mwaka juzi fleti ya chini ilipokuwa wazi nilikuja kwako. Nilikuambia, Odell, magoti yamekwisha, nipe ya chini. Ulisemaje?"

Nilikumbuka.

"Ulisema ngazi ni mazoezi. Ukawapa watu kutoka nje. Nikanyamaza. Nikasema huyu ni rafiki yangu, ataona mwenyewe ninavyopanda." Akawa anafunga vikombe kwenye magazeti, kimoja kimoja. "Halafu ukaanza zawadi. Ukampa pekani mtoto asiye na jino. Ukampa feni mwanamke aliyekimbia kwa hofu. Kwangu ulipita. Kila mara nilikusikia unapita na rundo lako la funguo, nikasema labda leo. Mimi nisingeogopa, Odell. Mimi ungeingia tu."

Nilimwambia nitampa ya chini. Nilimwambia nitampa yangu mimi mwenyewe, nihamie juu. Nilipiga magoti, dada. Nakuandikia kama lilivyokuwa. Akaniinua kwa kwapa kama alivyoniinua siku ile ya barafu, akasema, "Lori linakuja saa tatu. Umechelewa tu, basi."

Hata asante ya siku ile sikuwahi kumpa. Nilimpa leo, kati ya maboksi. Alisema, "Haya."

Nilipofika chini nilichukua fomu tupu. Ninajua anavyosaini, T kubwa na mstari. Nimekaa nayo tangu mchana. Ungejuaje, wewe uko Alabama.

Ni wanane, Vernice.

Nitasaini utakapoleta karatasi.

Odell

*

Linden, Alabama
Oktoba 12, 2013

Kaka yangu,

Nimetia saini. Nililia kwanza, kisha nikasaini, kisha nikalia tena, fundi wa paa akashuka kuniuliza kama amevunja kitu.

Nimewawekea sharti moja na wamelikubali kwa maandishi: namba moja ni yako kama mpangaji, mwaka mmoja, na theluji wanazoa wao. Baada ya mwaka ni wewe na wao.

Chumba cha mbele hapa kwangu hakina mtu. Nimesema mara moja, sitarudia, najua unavyokuwa ukirudiwa.

Ungeandika tisa ningeamini.

Vernice

*

Cleveland, Ohio
Desemba 8, 2013

Kwako Vernice,

Natumaini umepata joto. Huku theluji imeanza na kuna vijana wawili wanaizoa na mashine. Wanaifanya vibaya. Nimewasimamia dirishani na kuwaonyesha kwa mkono waanzie wapi, wakadhani nawapungia, nao wakanipungia. Akina Binion wako, nesi yuko. Ana kitasa kipya cha shaba. Tuggle nimempigia simu mara mbili. Mara ya pili alipokea.

Jumanne kuna mtu aligonga mlango wangu. Miaka arobaini na miwili hakuna aliyegonga mlango huu ila anayedai bomba au joto. Nikachungulia. Msichana wa kampuni, koti jekundu, mfuko mkononi. Akagonga tena, akasema, "Bwana Crutch, tumekuletea kitu kidogo." Crutch, akaishia hapo. Nikasimama nyuma ya mlango wangu, nikabana pumzi. Sijui kwa nini. Sikuwa nimenyoa. Sikutaka anione nikipokea. Akangoja, nikamwona anatazama saa, anatazama mlango. Akatundika mfuko kwenye kitasa akaenda zake.

Nilingoja mpaka viatu vyake vikaisha kusikika, ndipo nikautoa. Ndani yake mlikuwa na kikombe, biskuti za siagi, mshumaa unaonuka msonobari. Biskuti si mbaya. Earline angezitia chumvi kidogo.

Kulikuwa pia na kadi. Imechapwa: Wewe ni mpangaji wetu wa thamani. Tufanye nini ili uendelee kukaa nasi? Chini yake kuna mistari mitatu mitupu ya kuandika, na unairudisha kwa kuitundika mlangoni.

Nimekaa nayo tangu Jumanne. Kwanza nilitaka kuwaandikia wanavyozoa theluji. Kisha nilitaka kuwaandikia jina langu lilivyo. Nafasi ni ndogo na mimi naandika herufi kubwa. Leo asubuhi nimeandika, nikatundika, na nimeweka kiti karibu na mlango.

Nimeandika: Gongeni tena. Nilikuwepo.

Kaka yako,
Odell